Programu ipi inafaa kufundishia anatomia ya picha?

Mwalimu, umeuliza ununue programu gani ya pande tatu ili wanafunzi wako wa udaktari wa mwaka wa pili waelewe picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Mimi huwapokea wanafunzi hapa Malindi wakija mazoezi ya wodini, na ushauri wangu ni kwamba usinunue kitu kwanza. Pakua 3D Slicer. Ni ya bure, na ikishaingia kwenye laptopu inafanya kazi bila intaneti. Ina sehemu ya mifano ya picha, ikiwemo CT ya kifua. Ipakue siku bando liko vizuri, tia kwenye flashi, wagawie.

Ile michoro ya viungo ya pande tatu, ya rangi na inayozunguka, inapendeza, lakini wodini daktari hupewa vipande vya kijivu. Aliyezoea aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikiwa nyekundu ya kuchorwa akikutana na duara la kijivu hajui aanzie wapi. Wape vipande mapema, na kipanya kiwe mkononi mwao. Ukibingirisha wewe kwenye projekta, wao wanabaki watazamaji.

Anza na upande. Kipande cha CT hutazamwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, kwa hiyo ini, lililo kulia kwake, liko kushoto kwa skrini. Wanafunzi wa huku nawaambia wakumbuke nguru anavyokatwa mapande sokoni: kwa kilichomo ndani ya pande unajua limetoka wapi.

Kisha wape kazi moja tu, waifuate aota kutoka juu hadi chini, na hapa usiwe na haraka. Kwenye upinde wake wataona umbo moja refu. Wakishuka kidogo, yanabaki maduara mawili, moja mbele, jingine ubavuni mwa uti wa mgongo. Wengi watakwambia hiyo ni mishipa miwili tofauti. Usiwape jibu. Waambie wapande tena polepole mpaka wayaone maduara yakiungana. Jambo analoliona mwenyewe namna hiyo halisahau, na ndiyo sababu napenda kufundisha kwa njia hii kuliko zote.

Wakiwa hapo hapo kifuani, wabadilishe wenyewe dirisha, yaani sehemu ya kipimo inayoonyeshwa kwa kijivu. Kwa kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha kiasi ambacho kitu huzuia eksirei, maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta ni karibu -100. Kwenye dirisha la tishu laini mapafu ni weusi mtupu. Wakiweka la mapafu, mishipa yake inajitokeza.

Tumboni aota inaingia usawa wa T12, pingili ya kumi na mbili ya kifua, na kugawanyika L4, pingili ya nne ya kiuno. Wasimamishe pale vena ya figo ya kushoto inapopita kati ya aota na ateri ya juu ya utumbo. Anayeipata bila kuonyeshwa ameanza kusoma CT.

Kwa tumbo huenda ukahitaji picha za hospitali, na hapo uwe mkali. Faili ya DICOM, aina inayotumika kuhifadhi picha za hospitali, hubeba jina na namba ya mgonjwa hata usipoviona, na taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Omba ruhusa, futa utambulisho kabla ya kugawa. Ultrasaundi ikague zaidi: mara nyingi jina limechapwa juu ya picha yenyewe, na kufuta maelezo ya faili hakuliondoi. Kata ukingo ule, au uuzibe kwa rangi nyeusi.