Kundi la Ogunde na Watawala

Umeuliza kama makundi ya maigizo ya enzi za ukoloni yote yalikuwa ya Wazungu. La hasha. Nchini Nigeria, Hubert Ogunde, ambaye (ajabu kidogo) alikuwa askari polisi, aliunda kundi lake mwaka 1945, likaigiza na kuimba kwa Kiyoruba, na baada ya mgomo mkuu wa mwaka huohuo likatunga mchezo wa mfalme katili anayewatesa raia, fumbo ambalo watawala hawakuhitaji kufumbuliwa: katika mji wa Jos mchezo huo ulipigwa marufuku, naye Ogunde akatozwa faini. Hakunyamaza. Polisi walipowaua kwa risasi wachimbaji 21 wa makaa ya mawe huko Enugu, Novemba 1949, mkasa huo nao aliupandisha jukwaani.