Maswali na Majibu: Uraia wa Roma ulipatikanaje?

Swali: Katika Matendo ya Mitume 22, Paulo anaepuka mijeledi baada ya kusema yeye ni raia wa Roma, ilhali alizaliwa Tarso. Mtu wa mbali hivyo aliupataje uraia? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Sura hiyohiyo inasema alizaliwa nao, na jemadari aliyemkamata aliununua kwa fedha nyingi. Njia nyingine kubwa zilikuwa mbili. Mtumwa wa raia akiachwa huru kwa utaratibu kamili wa kisheria, naye alikuwa raia. Na askari wa vikosi vya wasio raia alitumikia miaka 25 ndipo akapewa. Hati yake ilikuwa vibao viwili vya shaba vilivyofungwa pamoja kwa waya na kutiwa mihuri ya mashahidi 7. Maneno yalichongwa mara mbili: ya nje yalisomwa wakati wowote, ya ndani yalifunguliwa pakizuka ubishi kwamba ya nje yamechezewa.

Ila uraia haukuwa kitu kimoja. Ulikuwa fungu la haki, na Roma ilijua kuzitenganisha. Mwaka 338 K.K., ilipowashinda Walatini, watu wa miji jirani waliokuwa wameungana dhidi yake, Senati (baraza kuu la wazee wa Roma) iliamua habari ya kila mji peke yake. Lanuvium na Aricia zilipewa uraia kamili. Capua na Cumae zilipewa uraia bila kura: kutoa askari ni juu yenu, kuchagua viongozi hapana. Tibur na Praeneste zilinyang'anywa ardhi. Velitrae ilibomolewa kuta, na wazee wa baraza lake wakahamishiwa ng'ambo ya mto Tiber. Miji mingine ya Kilatini ilikatazwa kuoana, kufanya biashara na kukutana baina yao. Kwa maoni yetu, marufuku hayo ndiyo yaliyokuwa na nguvu kuliko yote, maana kila mji ulibaki na uhusiano na Roma, si na jirani yake, na kuungana tena dhidi ya Roma kukawa kazi ngumu.

Swali: Raia walipokuwa wengi, walipigaje kura? Na serikali ilibadilika vipi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ilibadilika polepole mno, na hilo liliigharimu jamhuri. Kura ilipigwa Roma tu, ana kwa ana, wala hapakuwa na wabunge wa kuwakilisha walio mbali. Mkulima wa kusini mwa Italia ilimbidi aache shamba na kusafiri siku kadhaa. Tena katika mabaraza mengi kura zilihesabiwa kwa makundi 35, kila kundi kura moja.

Washirika wa Italia, waliokuwa wakitoa askari vizazi na vizazi, waliasi mwaka 91 K.K. Sheria ya mwaka 90 ikawapa uraia waliobaki watiifu. Ya mwaka 89 ikawapa wenyeji wa miji mshirika siku 60 za kujiandikisha kwa pretori, kiongozi wa Roma mwenye mamlaka ya hukumu na jeshi. Ndipo wakubwa wa Roma wakataka kuwabana raia wapya katika makundi machache, ili wingi wao usifue dafu. Ugomvi huo ulichangia jemadari Sulla kuingia Roma na jeshi mwaka 88.

Kwa majimbo yaliyokuwa nje ya Italia, Roma iliongeza mapretori: 4 mwaka 227 K.K. kwa ajili ya Sicilia na Sardinia, kisha 6 mwaka 197 kwa ajili ya Hispania. Hawakutosha, ikawa magavana wanaongezewa muda. Gavana mmojawapo, Julius Caesar, alikaa Gaul (hasa Ufaransa ya leo) tangu mwaka 58 hadi 50, na mwaka 49 akavuka Rubicon, mto wa mpaka wa kuingia Italia, na askari waliomtii yeye kuliko Senati.

Swali: Ni kweli Caracalla, mtawala wa dola ya Roma, aliwapa wote uraia?

Jibu: Karibu watu huru wote wa dola, mwaka 212 B.K. Kura ilikuwa imeshapoteza maana, kwani uchaguzi wa vyeo ulihamishiwa Senati tangu mwaka 14. Cassius Dio, seneta wa wakati huo, anasema shabaha ilikuwa kodi: ushuru wa urithi ulilipwa na raia peke yao, na Caracalla aliupandisha kutoka asilimia 5 hadi 10.