Kompaila iko kimya, hesabu za kahawa hazilingani

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni karani kwenye chama cha msingi cha kahawa huku Kibosho, juu ya Moshi. Lugha ya C ya kuandikia programu nilisoma chuoni, nikaandika kiprogramu cha malipo, unaingiza kilo, bei na mkopo wa pembejeo kinakutolea anachopata mkulima. Nakompaila, yaani nageuza mistari yangu iwe programu ya kuendesha, kwa kompaila ya gcc: gcc malipo.c -o malipo, hakuna kosa hata moja, ila nikijaribu na daftari la msimu uliopita kila mkulima anatoka kama hana mkopo, hata wale nnaojua kabisa walichukua mbolea, afu kilo zenye nukta zinapungua. Hatujamlipa mtu kwa hicho kiprogramu bado. Na mjumbe mmoja wa bodi anataka kukiona chote kwenye karatasi chenye namba za mistari ili tukipitie wote. Nafanyaje? Nimekutumia mistari yenyewe.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya jambo la maana sana kujaribu na daftari la zamani kabla hela haijatoka, wengi hawafanyi.

Nimeisoma mistari yako. Tatizo la kwanza ni huu hapa:

if (mkopo = 0) lipa = thamani; else lipa = thamani - mkopo;

Umeweka alama moja ya sawasawa badala ya mbili. Kwenye C alama moja hailinganishi, inaweka, kwa iyo kila mkulima akifika hapo mkopo wake unafutwa unakuwa sifuri, na sababu sifuri kwa C maana yake ni hapana programu inaruka kwenda kwenye else, yaani la sivyo, inatoa mkopo ambao imeshaufuta sasa hivi, yaani inatoa sifuri. Ndo maana wote wanatoka hawadaiwi. Kisarufi mstari uko sawa kabisa, ndo maana gcc imeupitisha, we hukuiomba ikukague zaidi ya hapo.

Sasa muombe hivi:

gcc -Wall -Wextra -fsyntax-only malipo.c

Hiyo -fsyntax-only inasema soma tu, usinitengenezee programu. Ni ya haraka, naipenda wakati bado naandika, kila baada ya mistari kumi nairusha. -Wall ndo inayoleta maonyo, na mstari wako ule itaushika palepale, itakutajia faili, namba ya mstari na nafasi, na kukushauri uongeze mabano kama kweli ulikusudia kuweka thamani. Hukukusudia, kwa iyo usiongeze mabano! Weka == basi. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wanatii ushauri ili onyo liondoke, linaondoka kweli, na kosa linabaki limejificha vizuri zaidi.

Tatizo la pili ni la kilo na hapa -Wall haitakusaidia, jina lake linafanya watu waamini inaleta maonyo yote na sio kweli, hata ukiongeza -Wextra bado kuna mengi yamebaki nje. We uzito umeusoma kama double, namba yenye nukta, halafu ukauhamishia kwenye int kilo, namba kamili isiyo na nukta. C inakata kila kilicho baada ya nukta, haikadirii kwenda juu, inakata. Mama aliyeleta kilo 37.8 anaandikiwa 37, na zile gramu 800 ni zake, kazichuma, kazimenya, kazianika, kashuka nazo kichwani mpaka kwenye mizani. Ongeza -Wconversion utaona maonyo ya namna hii yote. Yatakuja mengi na mengine ni ya kawaida tu, ila kwa programu inayogusa hela za watu yasome moja moja.

Afu ukimaliza kuandika usiishie kwenye -fsyntax-only. Yale maonyo ya kigeu (jina linaloshika thamani, kama mkopo) ambacho huenda hakijapewa thamani yanahitaji kompaila ifuatilie njia za programu, na huko haifiki ukiiambia isome tu. Kompaili kikamilifu na -O2, inayoiambia iboreshe programu, pamoja na -Wall uone. Kuanzia toleo la 10 la GCC, la mwaka 2020, kuna -fanalyzer pia, inachimba zaidi lakini ni nzito. -Werror inageuza kila onyo kuwa kosa, programu haitoki mpaka usafishe. Kwenye mashine yako itumie, lakini ukimpa mtu mwingine faili zako itoe, maana GCC mpya huja na maonyo mapya na yeye atakwama kwa kitu ambacho sio kosa lake.

Karatasi ya mjumbe sasa. Anachotaka ni rahisi, cat -n malipo.c > malipo.txt halafu uprinti, namba za mistari zitalingana na zile anazotaja gcc kwenye maonyo, mtaelewana. Kuna listi nyingine, ya kina:

gcc -g -c -Wa,-ahln=malipo.lst malipo.c

Hii inakupa kila mstari wako na chini yake maagizo uliyozaa ya asembli, lugha iliyo karibu na ya mashine yenyewe. Mjumbe usimpelekee, itamchosha, ila we mwenyewe angalia ule mstari wa if kabla hujaurekebisha, utaona sifuri inaandikwa pale pale ulipokaa mkopo.

SWALI: Mambo kaka, niko Sakina, Arusha. Babu yangu mdogo alifanya kazi na mashine za IBM, ameacha boksi la karatasi za COBOL, ile lugha ya programu ya zamani. Mwisho wa kila programu kuna majina na namba kibao, nyingine zina herufi M mbele. Ni nini?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo inaitwa XREF, ni opsheni ya kompaila inayopanga kila jina pamoja na mistari yote linapotumika. M ni mistari inayobadilisha thamani, isiyo na M inasoma tu. Ukikuta salio limeharibika huhangaiki na kurasa zote, unafuata zenye M. Na kosa la dada wa Kibosho humo hutalikuta, IF ya COBOL ikiona = inalinganisha tu. Ukitaka kujaribu leo, GnuCOBOL ni kompaila ya COBOL ya bure:

cobc -Xref -t listi.lst programu.cob

Hayo maboksi yatoe chini, yaweke juu ya kabati, masika Sakina unaijua mwenyewe.