Nilivyoweza kuicheka aibu iliyonipata kwenye daladala

Mwenzetu ameuliza inawezekanaje mtu kuicheka aibu iliyompata mbele za watu, ilhali yeye kila akilala yake humrudia na kumkosesha usingizi. Nimepitia hali hiyo, kwa hiyo nitajibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda daladala ya Mwenge kwenda Ubungo, nikakaa dirishani nikiwa nimechoka kwa kazi ya siku nzima. Nyuma yangu kijana mmoja akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama." Nikaitikia bila kugeuka, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Akasema, "Sijambo, mama, za huko?" Nami nikamweleza kwamba sisi ni wazima, ila miguu tu ndiyo inayonisumbua. Alipouliza kama ile hela aliyotuma imefika, ndipo nilipogeuka nikaiona simu sikioni mwake. Gari zima lilikuwa linasikiliza, na kondakta akacheka hadi akashindwa kudai nauli. Nilishuka Mlimani City, nikatembea kwa miguu hadi Ubungo huku uso ukiniwaka. Kwa wiki mbili baada ya siku hiyo nilikuwa nikiacha magari mawili au matatu yapite, nikichungulia kwanza kondakta ni nani.

Aliyenifungua ni jirani yangu. Yeye ni Mngoni na mimi ni Mhehe, makabila yaliyopigana vita katika karne ya 19 na baadaye yakawa watani. Wanaoujua utani wa jadi wanafahamu kwamba mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani, nawe huna haki ya kununa, kwa sababu kicheko chake kinakuja pamoja na wajibu wa kukusaidia. Nilimsimulia jioni moja tukichambua mchicha, na kabla sijafika mwisho alikuwa ameshaweka ungo chini, machozi yanamtoka kwa kucheka. Asubuhi yake tulipokutana uani akanisalimu, "Shikamoo, mama," nikamwitikia, tukacheka sote wawili. Akaendelea hivyo kila siku. Maneno yale yale yaliyokuwa yakinishtua usiku yakaanza kunijia na sura ya rafiki yangu badala ya sura za abiria.

Ndiyo maana siamini kwamba mtu huweza kujilazimisha kucheka akiwa peke yake gizani. Kwanza humsimulia mtu anayempenda.

Ipo pia sababu nyingine ya kutulia. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo waliionea haya, kisha wakaingizwa katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangemtambua aliyekuwa kwenye picha, lakini waliomtambua hasa walikuwa karibu robo tu. Naamini abiria wengi wa siku ile walinisahau kabla hawajafika nyumbani, na mimi ndiye niliyebaki nikiwabeba kichwani.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila aibu ni ya kuchekwa. Mtu aliyedhalilishwa kwa makusudi, au ambaye kosa lake limemwumiza mwingine, anahitaji kutendewa haki au kuomba radhi, na kumwambia acheke ni kumwonea. Nazungumzia kujikwaa kwa kawaida, kama vile kumpungia mkono mtu usiyemjua au kwenda kazini na kandambili zisizofanana kwa sababu umeme ulikatika alfajiri.

Kwa mwenzetu, ningemshauri achague mtu mmoja anayemwamini na amsimulie bila kufupisha: gari lilikuwa lipi, alikaa wapi, nani alisema nini. Mimi mwenyewe kicheko kilinishika nilipofika pale nilipomweleza mtoto wa watu habari za miguu yangu.