Nywele nyeupe kwa farasi: tazama zimeotea wapi

Mkuu, umesema farasi wako ni wa kahawia, ulimnunua mwaka jana, na sasa ana mabaka meupe mgongoni. Unauliza kama ni uzee. Siyo. Mvi za uzee kwa farasi huanzia usoni, juu ya macho na kipajini.

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, kazi nimeifanya kwenye mazizi ya Ngong. Mabaka yakikaa kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, au pale shingo inapoishia, mshukiwa wa kwanza ni tandiko. Likibana mahali pamoja, huua chembe zinazotia unywele rangi. Unywele utaota, lakini mweupe, na haurudi kuwa kama zamani. Punda wa mizigo nao hupata alama hizohizo. Wenye chapa ya baridi huifanya makusudi: chuma huchovywa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kikaguswa ngozini, na namba ikaota nyeupe.

Sasa shida ni kwamba weupe huonekana baadaye, nywele mpya zikishatoka. Huenda aliyemuumiza ni mmiliki wake wa awali, huenda ni tandiko lako. Pitisha vidole mgongoni ukikandamiza taratibu. Akibonyea, akilaza masikio nyuma au akitaka kukung'ata, bado anaumia. Ukitoka kumpanda, vua tandiko utazame jasho: sehemu kavu katikati ya jasho mara nyingi ndipo linapobana. Na tafadhali usiongeze blanketi nene chini ya tandiko linalobana, unazidisha mbano.

Kama nyeupe zimetapakaa mwili mzima na zinaongezeka kila mwaka, huyo ni kijivu wa kuzaliwa. Farasi wengi wa Kiarabu wako hivyo. Huzaliwa mweusi au kahawia, huishia mweupe, ngozi ikibaki nyeusi. Huyo mkague chini ya mkia, maana uvimbe wa melanoma, yaani uvimbe wa chembe za rangi ya ngozi, huwapata sana wakizeeka. Zikiwa ubavuni karibu na paja na penye shina la mkia tu, ni nasaba, wala usihangaike.

Ngozi yenyewe ikigeuka ya waridi kwenye macho na midomo, hapo tunazungumzia vitiligo, yaani ngozi kupoteza rangi yake. Haiumi, ila jua humchoma.

Kukiwa na magamba, maumivu au kipara kabla ya weupe, mwite daktari wa mifugo. Na piko, ile rangi nyeusi ya nywele uliyoshauriwa umpake, achana nalo. Litamfichia fundi wa matandiko alama anazozihitaji.