Nikimwaga, mazoezi ya kukuza uume yanaharibika?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27, sijaoa ila nina mchumba. Huu mwezi wa tatu nafanya yale mazoezi ya kukuza uume, yaani unausimamisha nusu halafu unaukamua kwa vidole kutoka kwenye shina kwenda kichwani, mi nafanya mara 200 kila siku na baada ya hapo nauvuta dakika 10. Jamaa aliyenielekeza alinambia nisimwage kabisa mpaka nimalize, eti shahawa ndo chakula cha misuli ya uume na ukimwaga unarudi ulikotoka. Nimejitahidi sana lakini nimeteleza mara nne, tatu na mchumba na moja mwenyewe. Vipimo naandika kwenye simu. Jumapili asubuhi nilikuwa 13.5, Jumatano usiku nikapiga bao, nikapumzika kidogo nikapima tena nikakuta 12.8, roho iliniuma dokta. Hilo bao moja limekula kazi ya wiki ngapi? Na nikishamwaga nipumzike siku ngapi ndo niendelee? Halafu siku hizi nikiamka asubuhi hausimami kama zamani na kuna vidoti vyekundu karibu na kichwa, ila hivyo nadhani ni dalili mazoezi yanafanya kazi. (Jina tunalo)

JIBU: Marahaba kijana. Barua yako nimeisoma mara mbili na zote mbili nimekwama kwenye ule mstari wa mwisho, ule uliouweka kama nyongeza tu. Kwa hiyo kabla ya yote acha kukamua leo, sio Jumatatu, leo. Kwanini, nitakwambia hapo chini, ngoja kwanza nikutoe wasiwasi wa bao.

Bao halijakula kitu. Shahawa haikai kwenye uume hata sekunde kabla ya kutoka. Mbegu zinatengenezwa kwenye korodani, majimaji mengine karibu yote yanatoka kwenye tezi dume na vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo, vyote viko ndani huko, uume wenyewe ni njia tu ya kupitia. Bao zima kwa kawaida ni kati ya mililita 1.5 na 5, yaani halijazi hata kijiko cha chai au ndo linakijaza tu, na ndani yake kuna maji kwa sehemu kubwa, sukari kidogo ya kuzipa mbegu nguvu, protini kidogo na madini ya zinki. Hakuna bomba linalorudisha hiyo kitu ikajenge uume. Usipomwaga, mbegu za zamani mwili unazivunjavunja wenyewe au unazitoa usiku ukiwa umelala, wala haukuombi ruhusa.

Halafu huyo jamaa anasema misuli. Misuli ipi? Ungekuwa msuli ungeukunja kama mkono. Ndani ya uume kuna mirija miwili kama sponji inayojaa damu, imezungushiwa utando mgumu usiotanuka kirahisi, na huo utando ndo unaoamua damu ikijaa uume ufike wapi. Ile misuli iliyopo iko kwenye shina kwa ndani, unaisikia ukikata mkojo katikati, hiyo inasaidia kusimama na kumwaga ila urefu haiongezi. Kwa hiyo ile habari ya jimu kwamba unachosha msuli, unaulisha, unapumzika, unakua, hapa haina pa kushika, na ndo maana hata swali lako la kupumzika siku ngapi baada ya bao halina jibu, sio kwamba nakuficha namba.

Najua utaniletea na ya homoni. Kumwaga hakukaushi testosteroni, ile homoni ya kiume. Na hata ikipanda, kwa mtu mzima haiongezi urefu, kazi hiyo iliisha ulipomaliza kubalehe. Ingekuwa inaongeza wale wabeba vyuma wanaojichoma masindano ya testosteroni wasingepata suruali ya kuvaa, kumbe kinachobadilika kwao huku chini mara nyingi ni korodani kusinyaa.

Sasa hiyo 12.8 imetoka wapi. Ukishamwaga mishipa ya fahamu inaamuru mishipa ya damu ibane, damu inarudi ilikotoka, na kuna muda hapo ambao hata ukilazimisha usimame haujai kama mara ya kwanza. Wewe umepima ndani ya huo muda! Ungepima kesho yake ukiwa umetulia ungeikuta 13.5 yako imekaa pale pale. Ongeza na rula, kwa sababu ukiibandika juu juu na ukiikandamiza mpaka iguse mfupa, milimita 7 zinatoka hapo hapo bila mtu kumwaga wala kukamua. Baridi na wasiwasi navyo vinapunguza. Anayepima vizuri anapima umesimama kabisa, rula juu ya uume sio pembeni, imekandamizwa kwenye mfupa wa kinena, unasoma mpaka ncha ya kichwa, na muda wote ni mazingira yale yale. Ukweli bao limekuharibia kipimo tu, na hicho kipimo ndo unachokihesabu kama matokeo, kwa hiyo naelewa kwanini unaona ule usemi una ukweli.

Na hiyo 13.5 unayoililia... mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyochukuliwa na wataalamu, sio vya kujitangazia, wastani wa uume uliosimama ukatoka sentimita 13.12. Wewe uko juu ya wastani. Wanaokuja kulia kibamia wengi wako hivyo hivyo, wakati uume ambao madaktari wanauita mdogo kitabibu kwa mtu mzima ni ule ambao ukivutwa haufiki kama sentimita 7.5.

Kukamua kwa mkono hakujathibitishwa kuongeza kitu. Kilichoonyesha matokeo kidogo ni vifaa vya kuvuta ambavyo watu wamevaa masaa kadhaa kwa siku kwa miezi, na walichopata ni sentimita moja, wengine karibu mbili, na matumizi yake makubwa ni kwa waliopinda uume, tena chini ya daktari.

Haya, vidoti. Vile ni vimishipa vidogo vya damu vimepasuka chini ya ngozi, hiyo sio dalili ya kukua, ni dalili ya kuumia. Na kusimama usiku, mwanaume mwenye afya anasimama mara 3 mpaka 5 akiwa usingizini, ile ya asubuhi ni ya mwisho tu umeikuta. Kupungua kunaweza kusababishwa na kulala vibaya au mawazo (na wewe ya rula unayo ya kutosha), ila kukija pamoja na vidoti kwa mtu anayejikamua mara 200 kwa siku mi siwezi kukwambia subiri tuone. Ule utando niliokutajia ukiumizwa mara kwa mara unaweza kuweka kovu, na kovu halitanuki, upande mwingine ukijaa damu upande wenye kovu unabaki, uume unapinda. Ugonjwa huo unaitwa Peyronie, jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1743. Yaani mtu anatafuta sentimita anapata kona.

Acha kabisa, usiukamue, usiuvute, usipime. Na mchumba subirini vidoti viishe na kuwe hakuna maumivu, baada ya hapo mwaga unavyotaka. Wiki mbili zikipita na asubuhi bado iko vile vile, au ukigusa unasikia kigumu ndani, ganzi, maumivu au umeanza kupinda, nenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo na umwambie ukweli wote hata ile 200. Na kama siku ikitokea umesikia mlio wa kupasuka ukiwa umesimama, uume ukalala ghafla ukavimba na kubadilika rangi, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mume wangu ana miaka 34, mwezi wa pili huu tukiwa pamoja akikaribia kumaliza anachomoa anabana shina kwa nguvu, anasema anatunza, kuna mazoezi anafanya. Mi nimeanza kujiona simvutii, na tulikuwa tunatafuta mtoto. Huko kutunza kuna faida yoyote?

JIBU: Nzuri dada, pole. Haihusiani na wewe, mumeo kakutana na mwalimu yule yule wa kijana hapo juu. Faida hakuna. Akibana shina wakati bao lishaanza, shahawa inaweza kurudi nyuma ikaingia kwenye kibofu, atakuja kuikojoa baadaye, kwa hiyo hajatunza, kabadilisha mlango tu. Na mtoto ni vigumu kupatikana kwa mtindo huo, hilo hata yeye akikaa akatulia analijua. Tena kukaa muda mrefu mno bila kumwaga kunafanya mbegu zizeeke ndani na spidi yao ipungue, ndo maana kwenye kipimo cha shahawa mwanaume anaambiwa akae siku 2 mpaka 7, sio miezi miwili.

Mwambie pia utafiti wa Harvard uliotoka mwaka 2016 ulikuta wanaume waliomwaga mara 21 au zaidi kwa mwezi walipata saratani ya tezi dume pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko waliomwaga mara 4 mpaka 7. Haimaanishi kumwaga ndo dawa, ila angalau haimpi sababu ya kuogopa.

Ila nadhani hizo namba hazitamgusa kama neno lako. Kwenye uchunguzi mmoja wa watu zaidi ya 52,000 uliochapishwa 2006, asilimia 85 ya wanawake walisema wameridhika na ukubwa wa wapenzi wao, wanaume walioridhika na wao wenyewe walikuwa 55. Kama na wewe uko kwenye hao 85 basi mwambie, kwa mdomo wako, sio siku ya ugomvi na sio akiwa na rula mkononi. Na ukimwambia umuulize kama ana vidoti vyekundu.