Hema likae umbali gani na mto?

Umeuliza kama unaweza kupiga hema kwenye mchanga tambarare ukingoni, kwa kuwa anga ni jeupe. Tafadhali usifanye hivyo. Mvua inayojaza mto huenda ikanyesha mbali huko juu, na maji yakakufikia usiku wakati kwako hakuna hata wingu. Kabla ya kushusha mizigo, tafuta alama ya mafuriko yaliyopita: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi ya vichaka, au mstari wa tope kwenye magome ya miti. Hema likae juu ya alama hiyo, na angalau mita 60 kutoka majini, yaani kama hatua 80 za mtu mzima. Jioni chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kikizungukwa na maji, au mto ukigeuka rangi ya udongo na kuanza kubeba matawi, hama saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke.

Maji ya kunywa yakiwa na tope, yaache yatuame kwa saa chache, chota ya juu taratibu, ndipo uyachuje. Ukiharakisha, chujio litaziba mapema. Ukichemsha, yatokote dakika 1 kamili. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, nalo mita 60 kutoka mtoni. Usizidishe kina, maana vijidudu vinavyoozesha uchafu vimejaa kwenye udongo wa juu. Sabuni usiitie mtoni kabisa, hata ile inayouzwa kuwa inaoza.